Mzima Arudi Majini

Jioni katika mtaa wa Fedha, Nairobi, watu wakishuka kwenye matatu na ndege zikiteremka juu ya magorofa kuelekea uwanja wa JKIA, karai za kando ya barabara huwa zimeshapata moto. Samaki wamepangwa mezani, wamechanjwa ubavuni. Wengine wamekwisha kukaangwa mara moja na wanangoja mnunuzi ndipo warudishwe kwenye mafuta. Kabla ya bei, mnunuzi huuliza jambo jingine.

"Mathe, huyu ni wa ziwa?"

"Wa ziwa huyo, kastoma wangu. Ameshuka leo na gari ya Mbita."

Sijawahi kusikia jibu tofauti. Kwa ushahidi wa meza hizo, China haijawahi kutuletea samaki hata mmoja, na hakuna Mkenya aliyewahi kuchimba kidimbwi. Lakini sote tunajua kwamba makatoni ya samaki waliogandishwa hufika soko la Gikomba, na kwamba mwaka 2018 jambo hilo lilipanda hadi kwa Rais Uhuru Kenyatta, akasema hadharani kuwa wazuiwe, na Wachina wakalalamika. Tunajua pia kwamba mwaka 2009, katika mpango wa kuchochea uchumi, serikali ilikusudia kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila kidimbwi mita 300 za mraba. Piga hesabu: ni vidimbwi 28,000, angalau kwenye karatasi. Samaki wa vidimbwi hivyo waliliwa wapi, ikiwa kila anayekaangwa Eastlands ametoka ziwani?

Wanunuzi wana ishara zao. Wanaangalia weusi wa ngozi, wanabonyeza tumbo kutafuta mafuta, wananusa kama kuna tope, wanashuku samaki waliolingana urefu kana kwamba wametoka kwenye kalibu moja. Hakuna ishara hapo inayoweza kusimama mahakamani. Na siku hizi swali lenyewe limeingia maji, kwa kuwa upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria una maelfu ya vizimba vya kufugia ngege, yaani tilapia, kuanzia vya vikundi vya vijana hadi vya kampuni kubwa kama Victory Farms pale Roo, Homa Bay. Kifaranga huanguliwa nchi kavu, hutiwa kizimbani, hula chakula cha gunia mpaka siku ya kuvuliwa, na muda wote huo anapumua maji ya ziwa. Huyo ni wa wapi? Mama anayesema "wa ziwa" hasemi uongo. Anachofanya ni kuchagua ni swali gani alijibu.

Kuna mahali duniani swali hili hujibiwa kwa kidole gumba. Kwenye pwani ya Pasifiki ya Marekani, katika majimbo ya Washington na Oregon na katika mto Columbia, mvuvi akimvuta samoni hupitisha kidole mgongoni kuelekea mkiani. Kati ya pezi la mgongo na mkia, samoni ana kipezi kidogo cha nyama laini, kisicho na miiba wala vijiti vya kukishikilia. Tukiite pezi la mafuta. Kidole kikikuta pezi hilo, samaki huyo huhesabiwa kuwa amezaliwa mtoni, na katika sehemu nyingi sheria inamtaka mvuvi amrudishe majini akiwa hai. Kikikuta kovu tupu, samaki alianguliwa kwenye kituo cha kutotoleshea vifaranga, akakatwa pezi akiwa mdogo, na anaweza kwenda nyumbani na mvuvi. Mwenye kilema ndiye halali ya chungu.

Vituo hivyo havikujengwa kwa upendo wa samaki. Mabwawa ya umeme yalifunga mito. Grand Coulee, lililokamilika mwaka 1942, lilikatia samoni wa Columbia ya juu njia ya kurudi kwao moja kwa moja. Serikali ikalipa deni kwa vifaranga. Kufikia miaka ya 1990, samoni wa asili katika baadhi ya mito walikuwa wamepungua hata wakaorodheshwa kisheria kama viumbe walio hatarini kutoweka, huku wale wa vituoni wakijaa majini. Wavuvi walitaka kuvua, sheria ilitaka walio wachache waachwe, na mkasi ukawekwa katikati. Makumi ya mamilioni ya vifaranga hukatwa pezi kila mwaka.

Kazi yenyewe hufanywa samaki akiwa mdogo kama kidole. Kwa desturi vifaranga hulazwa kwenye maji yenye dawa ya usingizi, mkasi hupita shinani mwa pezi, kisha hurudishwa kwenye maji safi, na baada ya dakika chache wanaogelea tena. Siku hizi kuna mashine zinazompima kila kifaranga na kumkata bila mkono wa mtu kumgusa. Katika maabara nyingi za samaki duniani, dawa ya usingizi inayotumika ni mafuta ya karafuu. Nilifurahi kujua hivyo, sina sababu ya kuficha. Mafuta yale yale ambayo nyanya wa pwani humpaka mtoto anayelia jino, yatokanayo na zao lililoitajirisha Pemba, ndiyo yanayomfanya samaki asihisi anapokatwa.

Hamu ya kumtambua samaki akirudi ni ya zamani. Mwaka 1653 Mwingereza Izaak Walton aliandika juu ya watu waliofunga utepe kwenye mikia ya samoni wachanga ili wajue kama ndio wanaorejea. Katika miaka ya 1960, Keith Jefferts na wenzake kule Washington walibuni kipande cha waya chenye urefu wa milimita 1.1 kinachodungwa ndani ya pua ya kifaranga, kikiwa na msimbo wa kulitambulisha kundi lake. Waya hauonekani kwa nje, kwa hiyo ilibidi iwepo alama ya kumwambia mtu kwamba kichwa cha samaki huyu kina la kusomwa. Wakachagua kukata pezi la mafuta. Kwa miaka mingi kukosa pezi hilo kulikuwa na maana hiyo tu: mpeleke kichwa chake kwa wataalamu. Halafu, katika miaka ya 1990, jimbo la Washington likaamua kwamba samoni aina ya coho wa vituoni wakatwe pezi kwa wingi, wawe na waya wasiwe nao, na kovu lile lile likapata maana mpya: huyu unaruhusiwa kumla. Kwa samaki mwenyewe hakuna kilichobadilika. Mkasi ni ule ule na mahali ni pale pale. Waliobadilika ni wasomaji.

Alaska walitafuta alama nyingine. Ndani ya kichwa cha samaki kuna vijiwe vya sikio vinavyokua tabaka juu ya tabaka, na maji yakibadilishwa joto kwa mpango maalumu wakati kiinitete kiko bado ndani ya yai, vijiwe huandika mistari myeusi kwa utaratibu ambao kila kituo hujichagulia. Mamilioni ya samoni wa waridi hutiwa alama hivyo, bila mkasi, hata kabla hawajaanguliwa. Ila ili uisome sharti umuue kwanza, umpasue kichwa, ukisugue kijiwe na ukiweke chini ya hadubini. Ni alama safi, haimdhuru mwenye nayo, na haiwezi kumwokoa.

Waliochagua pezi la mafuta walilichagua kwa kuwa walidhani halina kazi. Kila mtu alisema ni masalio ya zamani. Mwaka 2004 watafiti Reimchen na Temple waliwakata trauti wachanga, ndugu wa samoni, pezi hilo, wakawatia kwenye maji yanayokwenda kasi, wakaona kwamba mkia wa aliyekatwa hupiga kwa upana zaidi, takriban asilimia 8, ili kufika palepale anapofika mzima. Mwaka 2012 Buckland-Nicks na wenzake walilipasua pezi la trauti wakakuta mtandao wa mishipa ya fahamu ndani yake. Huenda samaki hulitumia kuhisi maji yanavyopita kabla hayajafika mkiani. Basi kitu tulichokiita cha ziada kilikuwa cha ziada kwetu sisi.

Nawaza jambo hili nikiwa kati ya watu wanaojua kutia alama kwa kuondoa. Miongoni mwa wazee wa Kijaluo, na katika mitaa yetu ya Embakasi bado wapo, kuna waliong'olewa meno sita ya mbele ya chini walipokuwa wadogo. Wapo wanaosema ilikuwa njia ya kumlisha mgonjwa aliyebanwa taya na pepopunda, wapo wanaosema ilikuwa njia ya kumtambua wetu akifa ugenini. Sitaamua kati yao. Ninachokiona ni kwamba pengo lile lilikuwa la kumwingiza mtu nyumbani, na waliomng'oa meno ndio waliomlea. Pengo la samoni limetiwa na mkono wa mbali, kwa faida ya mvuvi asiyemjua, kwa siku ya kufa. Mapengo yote mawili ni kukosa kitu. Tofauti ni nani ameshika mkasi na anakusudia kufanya nini baadaye.

Hata huko Columbia walikuwapo waliouliza hivyo. Makabila ya wenyeji yenye mikataba ya mwaka 1855 — Yakama, Umatilla, Warm Springs, Nez Perce — yalipinga kukatwa kwa wingi. Kwao samaki wa kituoni hakuumbwa awe kitoweo cha wenye ndoana peke yao. Alipaswa aruhusiwe kupanda mto, kutaga mayai kwenye changarawe na kuufufua. Nez Perce walifanya hivyo katika mto Snake kwa samoni wa msimu wa vuli, wakitumia vifaranga wa vituoni, na samaki wakarudi kwa maelfu mahali walipokuwa karibu wamekwisha. Mtu anayemsoma samaki kwa kovu peke yake angewatoa hao wote mtoni kama wageni.

Jambo linaloniweka macho ni jingine, nalo ni dogo kibaiolojia hata vitabu hulipita kwa sentensi moja. Kovu halirithiwi. Samoni aliyekatwa pezi akikwepa nyavu na ndoana, akapanda mto na kuzaa, watoto wake wataanguliwa na pezi kamili. Mvuvi akiwapata, kidole chake kitawaita wa asili na sheria itawarudisha majini. Kizazi kimoja kinatosha. Kwenye maji, mtoto wa mgeni ni mwenyeji.

Trauti wa Kenya ni wa ukoo huo huo wa samoni, na pezi la mafuta analo. Kwenye mito ya baridi ya Nyandarua na Mlima Kenya yuko tangu mwaka 1905, Ewart Grogan alipoleta mayai na kupandikiza trauti katika mto Gura. Ni Grogan yule yule aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo, aliyewachapa Wakikuyu viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907, na ambaye jina lake mafundi wa magari wa Kirinyaga Road hawajaacha kulitumia. Baadaye kituo cha Kiganjo kikawa cha kuzalisha trauti, na cha Sagana kikawa cha samaki wa maji ya vuguvugu. Ukisimama Gura leo na kumvua trauti mwenye pezi zima, kidole chako kitakuambia ni wa asili. Asili ipi? Kabla ya hayo mayai ya Grogan hapakuwa na trauti hata mmoja katika mito hiyo. Alama inaweza tu kutenganisha ikiwa kulikuwa na wenyeji wa kutenganishwa nao.

Na ngege wetu je, huyu tunayemuulizia kando ya karai? Sehemu kubwa ya anayeuzwa leo kwa jina hilo ni aina ya mto Nile, iliyotiwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950. Ngege wa kale, yule ambaye mtafiti Michael Graham alimkuta akiwa nguzo ya uvuvi alipopima ziwa mwaka 1927 na 1928, alivuliwa kupita kiasi, akabanwa na huyu mgeni, akaliwa na mbuta, mgeni mwingine wa miaka hiyo hiyo. Katika ziwa kubwa amekwisha au karibu amekwisha. Amejificha kwenye viziwa vya pembeni kama Kanyaboli huko Siaya, nyuma ya mafunjo ya kinamasi cha Yala, ambapo mbuta hakufika. Tanzania nako, Asilatu Shechonge na wenzake walipochapisha utafiti wao mwaka 2019, walionyesha kuwa sato, kama ngege wanavyoitwa huko, walioletwa wameshaenea katika mabonde mengi ya mito yenye sato wa kwao. Ili kuwatenganisha wageni, wenyeji na machotara wao, watafiti hukata kipande kidogo cha pezi, hukitia kwenye spiriti na kukipeleka maabara kusoma nasaba. Safari hii wanachosoma ni nyama iliyokatwa, na samaki anaachwa na tundu lisilo na maana.

Basi yule anayekataa wa kidimbwi akitaka "wa ziwa" kwa shilingi mia zaidi, anamlipia mgeni wa miaka sabini dhidi ya binamu yake aliyekaa kidimbwini. Simcheki. Mimi pia huuliza, na mimi pia hulipa.

Ni rahisi mno kutoka hapo kwenda kwa watu. Mtoto aliyezaliwa Fedha akiulizwa kwao ni wapi na akajibu "Fedha," aliyeuliza hucheka na kuuliza tena: hapana, kwenu kwenu? Babu yake aliingia Nairobi kwa reli, akapewa chumba Makongeni. Baba yake alizaliwa humo na kucheza mpira Kaloleni. Yeye mwenyewe hajui njia za ushago bila kuelekezwa. Lakini nyuma ya kitambulisho cha wazazi wake pameandikwa wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo, na mara nyingi hapo si Embakasi. Mwaka 1987 nchi nzima ilifuata kesi ya wakili S. M. Otieno. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi, alikofanya kazi na kulea watoto. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Maiti ilikaa miezi mitano bila kuzikwa, Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki, na mnamo Mei akazikwa Nyalgunga, Siaya. Samoni naye hurudi alikozaliwa, akifuata harufu ya maji aliyoyanusa utotoni. Ila samoni wa kituoni hurudi kituoni. Hupita mito mizuri yenye changarawe nzuri, akafika kwenye ngazi ya saruji na birika la saruji, kwa kuwa hapo ndipo kwao. Hakuna anayemuuliza kwao kwao.

Nilitaka kuishia hapo, nimsifu mto kwa kusamehe upesi kuliko sisi. Lakini sayansi haikubali niseme hivyo kwa urahisi. Mwaka 2007 Araki na wenzake, wakifuatilia nasaba za trauti wa baharini katika mto Hood, Oregon, waliandika katika jarida la Science kwamba uwezo wa samaki kuzaa mtoni hupungua kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kinacholelewa kituoni. Mwaka 2009 wakaonyesha kwamba athari hiyo huwafikia hata watoto waliozaliwa mtoni, wenye mapezi kamili. Kovu halirithiwi, ila kuna kinachorithiwa ambacho kidole hakikihisi. Wasimamizi wa mito wana sababu ya kuhangaika, na sababu yao haina uhusiano wowote na mtoto wa Fedha. Yeye hakurithi udhaifu wa aina yoyote kwa kuzaliwa ghorofani. Alichorithi ni swali, na swali hilo halimo mwilini mwake. Limo mdomoni mwa anayeuliza. Ndiyo maana nimeacha kumlinganisha na samaki.

Nimebaki na ngege wa Kanyaboli. Siku moja huenda mtu akataka kuwazalisha kituoni na kuwarudisha katika ziwa kubwa, kisha ajue baada ya mwaka ni wangapi wamepona. Atahitaji alama. Hapo atagundua kwamba ngege hana pezi la mafuta. Ana la mgongoni lenye miiba anayojikinga nayo, ana ya ubavuni anayogeukia, ana ya tumboni, la nyuma na la mkia. La tumboni ndilo ambalo watu wengi wangechagua, nalo lisipokatwa mpaka shinani huota tena.